Ule Ngala wa Ronald Ngala Street Alikuwa Anataka Nini?

Kama umewahi kushukia matatu tao, Ronald Ngala Street unaijua. Makanga wanaita Eastlands, nguo zimening'inia hadi kwa mlango, na simu unaishika kwa mikono miwili. Ukiifuata hadi mwisho wa upande wa juu, inagongana na Tom Mboya Street. Hiyo kona nimeipita mara elfu moja, na hadi mwaka jana sikuwa najua kwamba ni kama mtu aliiweka hapo kutucheka. Hawa wazee wawili walikuwa pande mbili za swali moja: Kenya mpya iongozwe kutoka sehemu moja, ama kila eneo lijiongoze? Ngala alitaka majimbo. Mboya, akiwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba, alikuwa mstari wa mbele kuyavunja. Sasa majina yao yanakutana hapo, na hakuna mtu anawauliza kitu.

Mimi pia singeuliza. Nilianza kusoma hii maneno kwa hasira. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, nimeshasema kwa video na sitarudia yote. Lakini sehemu moja sijawahi kueleza. Nilipokosa karo nilienda kuomba basari kwa ofisi moja, sitaitaja. Karani akaangalia kitambulisho changu akaniambia, "Lakini wewe kwenu ni Pwani, rudi ukaombe huko." Nimezaliwa Nairobi, nimesoma Nairobi, napiga kura Nairobi. Basi nikapanda basi usiku, nikaenda kwa kina babu, nikaingia ofisi nyingine. Huko wakaniambia basari ni ya watu wanaoishi pale na kupiga kura pale, na isitoshe, chuo kikuu ni kazi ya serikali kuu. Nikarudi Nairobi na fomu yangu ikiwa safi kama nilivyoichukua.

Kwa hivyo mtu akiniambia "ugatuzi ufutwe, turudi kwa serikali moja, magavana ni wezi tu", naelewa hasira yake. Pia akiniambia "majimbo kamili sasa, kila mtu ale kwao", naelewa hiyo pia. Shida ni kwamba hayo yote mawili yalishajaribiwa hapa kwetu. Na hatukufunzwa vizuri. Mimi shuleni nilipewa sentensi mbili: KANU ilitaka serikali ya umoja, KADU ilitaka majimbo, endelea na swali la tano.

Tuweke msingi haraka. Tofauti ya shirikisho na serikali ya umoja haiko kwa idadi ya magavana ama ukubwa wa maeneo. Iko kwa swali moja: nani anaweza kuchukua? Kwa serikali ya umoja, mamlaka yote ni ya katikati. Katikati inaweza kukupa bunge dogo, meya, baraza, chochote, lakini wewe ni mpangaji. Uingereza iliipa Ireland ya Kaskazini bunge lake, halafu mwaka 1972 London ikalisimamisha. Imeisha. Kwa shirikisho, kama Marekani au Ujerumani, jimbo lina hati miliki yake ndani ya katiba. Katikati ikitaka kulinyang'anya, lazima jimbo lenyewe likubali kwa njia fulani. Mpangaji na mwenye hati wanaweza kuishi kwa nyumba zinazofanana kabisa. Utajua tofauti siku landilodi amekasirika.

Sasa turudi 1960. Mwaka huo vyama viwili vilizaliwa. KANU ilikuwa na kina Gichuru, Odinga na Mboya, na ilibebwa sana na Wakikuyu na Waluo, jamii mbili kubwa. KADU ilikuja miezi michache baadaye, ikiwa na Ngala kutoka Pwani, Masinde Muliro kutoka Magharibi, na mwalimu mmoja mrefu wa Baringo anaitwa Daniel arap Moi. Hao waliwakilisha jamii ambazo zilikuwa zimepiga hesabu na kuona haziko kwa mezani: Mijikenda, Wakalenjin, Wamaasai, na sehemu ya Waluhya. Hofu yao ilikuwa ya kawaida sana. Mzungu akienda, nani ataketi kwa kile kiti? Na muhimu zaidi, ile ardhi aliyochukua, hasa kule Bonde la Ufa, itarudi kwa nani?

Hapo kwa ardhi ndipo moyo wa majimbo ulikuwa. Watu husema KADU walipenda demokrasia ya mashinani. Labda wengine walipenda. Lakini soma vizuri utaona walitaka kudhibiti nani anaweza kununua na kuhamia wapi. Na lazima niseme hii hata kama inaharibu hadithi ya Ngala shujaa: walowezi wazungu walilipenda wazo hilo sana. Wanasiasa wao waliona serikali dhaifu ya katikati ingekuwa na mkono mfupi wa kuwafikia. KADU hata walikuwa na mshauri wa katiba kutoka Uswisi. Kwa hivyo KANU waliposema majimbo ni mpango wa mkoloni wa kutugawanya, hawakuwa wanadanganya kabisa. Na KADU waliposema KANU wanataka kumeza kila mtu, hawa pia hawakuwa wanadanganya. Manze, hiyo ndiyo sehemu ngumu ya historia. Wote wawili walikuwa na haki ya kuogopa.

Mkutano wa pili wa Lancaster House, London, ulikuwa 1962. KANU wakakubali majimbo, lakini kwa meno ya juu. Walitaka uhuru uje haraka, na hesabu yao ilikuwa rahisi: tukishinda uchaguzi, karatasi tutabadilisha baadaye. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ikawa na serikali ya ndani chini ya katiba ya majimbo. Yalikuwa saba: Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki, na Nairobi ikawekwa pembeni kama eneo lake. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake na rais wa bunge hilo. Ndiyo, "rais". Moi alikuwa rais wa bunge la Bonde la Ufa. Kulikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Na kugusa vipengele vikuu vya majimbo kulihitaji asilimia 90 ya Seneti. Tisini! Ukiangalia kwa karatasi, hiyo ilikuwa hati miliki yenye kufuli tatu.

Sasa niambie kwa nini ilikufa ndani ya miezi kumi na nane hivi.

Haikuvunjwa na jeshi. Uganda ndiyo ilipitia hiyo njia. Walipata uhuru 1962, Buganda ikiwa na hadhi ya shirikisho ndani ya nchi, na Kabaka Mutesa wa Pili akawa rais. Mwaka 1966 Obote aliisimamisha katiba, na mwezi wa Mei wanajeshi wakiongozwa na Idi Amin wakashambulia ikulu ya Kabaka pale Lubiri. Mutesa alitoroka, akafia London 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Hiyo ni kuvunja kwa risasi. Nigeria nayo, 1966 hiyo hiyo, jenerali Ironsi alitoa amri ya kufuta mikoa na kuifanya nchi iwe ya serikali moja. Miezi miwili baadaye aliuawa kwa mapinduzi, na mwaka uliofuata vita vya Biafra vikaanza.

Yetu ilikufa kimyakimya, kwa njaa na kwa kazi.

Kwa njaa, kwa sababu pesa na wafanyakazi vilibaki mkononi mwa Nairobi. KANU walishinda uchaguzi wa Mei 1963, na serikali kuu ikawa haina haraka yoyote ya kuhamisha kazi wala bajeti. Mabunge ya majimbo yalikuwa na ofisi na vyeo, lakini hayangeweza kufanya mengi bila pesa iliyokuwa inakuja kwa kusitasita. Mwananchi wa kawaida akaanza kuuliza, kwani hawa wanafanya nini?

Kwa kazi, kwa sababu viongozi wa KADU walianza kuvuka mmoja mmoja. Upinzani ulikuwa baridi, na serikali ilikuwa na nafasi. Kufikia Novemba 1964 Kenyatta alikuwa tayari kupeleka suala hilo kwa kura ya maamuzi, na KADU waliona watashindwa. Mwezi huo Ngala akakivunja chama, wakahamia KANU. Ile asilimia 90 ikawa si shida tena, maana waliopaswa kuilinda ndio walikuwa wamehamia upande wa pili. Tarehe 12 Desemba 1964 tukawa jamhuri. Moi akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na bunge la chini, na 1968 mabaki ya mabaraza ya mikoa yakafutwa. Majimbo yakawa mikoa, na mikoa ikawa na wakuu waliotumwa na rais, kama tu enzi za mkoloni. Kisha kufikia 1970 hata mabaraza ya kaunti ya wakati huo yakanyang'anywa shule za msingi, afya na barabara.

Hapo ndipo mimi huwa nasimama. Wasee wanapenda kusema katiba nzuri itatulinda. Ile ya 1963 ilikuwa na kufuli za kutisha, na hakuna kufuli iliyovunjwa. Wenye funguo walipewa kazi.

Serikali moja iliyofuata ilifanya nini na nguvu yote hiyo? Kuna karatasi ya serikali ya 1965, ile ya nambari 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake kuna wazo kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitazaa haraka zaidi: kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Kwa hesabu ya mhasibu inaingia akilini. Lakini fikiria wewe uko Wajir ama Turkana. Huna mvua. Huna barabara kwa sababu hukupewa. Kwa vile huna barabara, huwezi kupewa pesa ya barabara. Kaskazini ilikuwa tayari na jeraha lake, maana vita vya Shifta vilianza 1963 na kuendelea hadi 1967, na ikatawaliwa miaka mingi kwa sheria za hatari. Hiyo ndiyo serikali ya umoja ambayo watu wanaikumbuka kama ilikuwa na nidhamu. Nidhamu ilikuwa, lakini haikusambazwa sawa.

Na yule mwalimu wa Baringo aliyekuwa anaogopa nguvu ya katikati? Aliingia ikulu 1978 na kuketi miaka 24. Mwaka 1982 chini yake Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Siwezi hata kuweka kichekesho hapo.

Halafu majimbo yakarudi, na yakarudi na uso mbaya. 1991, vyama vingi vilipokuwa vinadaiwa, wanasiasa wa KANU kule Bonde la Ufa walifanya mikutano ya kudai majimbo, na safari hii maana yake ilikuwa wazi: waliokuja warudi kwao. Vijiji vikachomwa. Mwaka 1997 ikawa Likoni. Watu wa bara waliokuwa wameishi Pwani maisha yao yote wakaambiwa waondoke. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mojawapo ya maneno yaliyokuwa yanatumika ni "madoadoa", yaani wewe ni doa kwa eneo letu. Kwa hivyo ukimtajia mama wa miaka 55 aliyepitia hayo neno majimbo, yeye hafikirii ugavi wa mamlaka. Anafikiria panga. Usimcheke.

Ndiyo maana waandishi wa katiba ya 2010 walilikwepa hilo neno wakaleta lingine, ugatuzi. Tuliipitisha 4 Agosti 2010, na asilimia 67 hivi walisema ndiyo. Kaunti 47, zikifuata wilaya za sheria ya 1992. Mimi naona hiyo idadi ilikuwa ujanja mzuri. Ukiwa na majimbo saba makubwa, kila moja ni karibu taifa la kabila fulani lenye nguvu za kupigana na katikati. Ukiwa na 47, hakuna kaunti moja inaweza kutikisa nchi. Lakini upande mwingine, hakuna kaunti moja inaweza kuitikisa Hazina pia.

Je, sisi ni shirikisho sasa? Wanasheria wengi watakwambia hapana, sisi ni nchi moja yenye ugatuzi. Mimi nasema hati tunayo, lakini mfereji wa maji uko kwa jirani. Katiba inasema ngazi mbili za serikali ni tofauti na zinategemeana. Rais hawezi kumfuta gavana kwa simu. Makueni ilikuwa mtihani mzuri. Mwaka 2014 gavana na wawakilishi wa wadi walipigana hadi bunduki zikalia, wananchi wakaomba kaunti ivunjwe, tume ikaundwa na ikapendekeza ivunjwe. 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Kaunti hiyo hiyo baadaye ikajulikana kwa mpango wa afya na kiwanda chake cha maembe pale Kalamba. Lakini ona pia: aliyeamua ilikuwa ikulu. Na 2020 Nairobi, gavana Sonko alitia sahihi kuachilia kazi kubwa za kaunti kwa serikali kuu, na meja jenerali akaletwa kuziendesha. Kaunti yenye watu zaidi ya milioni nne, sahihi moja.

Kilichobaki ni mfereji. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Soma maandishi madogo: ni mapato yaliyokaguliwa na kupitishwa na Bunge, na hesabu hizo zinaweza kuwa za miaka kadhaa nyuma. Juu ya hiyo asilimia, kila mwaka ni kuvutana. Wengi wetu tulikuwa mtaani Juni 2024, na kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Mswada wa Fedha ukaondolewa. Kaunti zilikuwa zimeshapangiwa bilioni 400.1 kwa mwaka huo. Serikali kuu ikasema sasa pesa hakuna, iwe 380. Maseneta wakakataa, wakasuluhishwa kwa bilioni 387.4. Sisemi tulikosea kuukataa ule mswada, ningerudi mtaani hata kesho. Nasema angalia nani aliambiwa akaze mshipi kwanza. Na hata hizo zilizokubaliwa huchelewa, miezi miwili, mitatu, wauguzi wanagoma, halafu sisi tunasema kaunti hazifanyi kazi. Kwani si ni ile ile ya 1963? Mpe kazi, mnyime pesa, ngoja watu waseme hana maana.

Magavana nao wasijifiche hapo. Kuna wengine wanapewa mabilioni na bado wanajenga lango la milioni kadhaa mbele ya soko lisilo na choo. Wizi uligatuliwa pia. Lakini zamani ukitaka kumpigia kelele mtu aliyekula pesa ya zahanati yenu, ulikuwa unaenda Nairobi. Sai unaenda na bodaboda.

Kwangu mimi swali gumu si pesa hata. Ni ule mstari ulio kwa kitambulisho. Shirikisho la Marekani linamruhusu mtu ahame Texas leo, na kesho awe mtu wa Ohio. Anatafuta nyumba, anajiandikisha, amekuwa wa hapo. Ethiopia walienda njia nyingine, katiba yao ya 1995 iliyajenga majimbo juu ya mataifa na makabila, na asiye wa kabila la jimbo anaweza kuishi hapo kama mgeni hadi azeeke. Sisi kwa katiba tumefuata njia ya kwanza. Ukijiandikisha kupiga kura Nakuru, wewe ni wa Nakuru. Lakini kwa kaunta ya ofisi, yule karani hakuwa anasoma katiba. Alikuwa anasoma jina langu la mwisho na wilaya ya babu. Kichwani mwake majimbo hayajawahi kuisha.

Niliporudi kwa babu ile safari, nilimuuliza kuhusu Ngala. Babu ana miaka 80 na kitu. Aliniambia aliwahi kumsikiliza akihutubia, kijana bado, hakuwa amefika umri wa kupiga kura. Nikamuuliza, sasa wewe ungepigia kura upande gani? Akasema wakati ule angepigia majimbo bila kufikiri, kwa sababu walidhani yataleta hospitali. Hospitali ya karibu ilikuwa mwendo wa siku nzima.

Sasa kuna zahanati ya kaunti, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwake. Nilimsindikiza kuchukua dawa ya presha. Muuguzi alikuwepo, mpole sana, anamjua kwa jina. Akasema dawa hiyo imeisha tangu mwezi uliopita, pesa haijashuka. Akamuandikia kwa karatasi, tukaenda kununua kwa duka la dawa barabarani, mia nane, nikalipa mimi na pesa ya nauli ya kurudi.